Ahadi ya Mlangoni

Chuo kidogo hakiwezi kumvuta mchezaji kwa kitu ambacho hakina. Hilo nililielewa nikiwa ndani ya ukumbi wetu wa michezo, mitaa miwili kutoka kituo cha treni cha Gare du Nord, nikimsaidia kocha kusogeza ndoo. Paa lilivuja. Kila mvua iliponyesha, na Brussels mvua haina msimu, tulipanga ndoo pembezoni mwa uwanja wa mpira wa kikapu, na wasichana wakajifunza kuzikwepa kama wanavyokwepa wapinzani.

Mimi sikuwa mtu wa chuo. Niliacha shule Kigoma nikiwa darasa la sita kwa sababu reli inaishia pale, ziwani, nami nilitaka kujua kuna nini mbele yake. Nilikwenda hivyo miaka mingi: Bujumbura, Lubumbashi, Lusaka, halafu kazi ya jikoni kwenye meli ya mizigo, halafu Antwerp, halafu Brussels. Huko nikapata karatasi za kuishi na kazi ya kuendesha kombi ya chuo kimoja kidogo kilichofundisha wauguzi, makatibu na wahasibu. Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Hadi wakati huo hakuna mji niliokuwa nimekaa ukanizoea. Jambo likianza kuniogopesha, nilifunga mfuko nikaondoka.

Chuo kilikuwa na timu moja tu, ya wasichana, na timu hiyo ilikuwa inakufa. Mkuu wa chuo alimwita kocha akamwambia kwamba ikifika Septemba bila wachezaji wa kutosha kuandikishwa kwenye ligi, timu itafungwa, na ukumbi utarudishwa kwa manispaa. Kocha alikuwa Mbelgiji mwenye miguu mirefu na sauti ya upole, mtu aliyeamini kwamba kila tatizo lina tangazo lake. Alichapisha vipeperushi vyenye picha ya mpira. Tukazunguka na kombi kwenye shule za sekondari tukivibandika. Tukaenda pia kwenye maonyesho ya vyuo, tukapewa meza kando ya chuo kikuu kikubwa cha nje ya jiji. Wao walikuwa na televisheni inayoonyesha wachezaji wao wakiruka, sakafu inang'aa kama kioo, na mzee mmoja nadhifu wa kuwapa wasichana mkono. Sisi tulikuwa na sahani ya biskuti. Wasichana walikula biskuti zetu huku wakitazama televisheni yao.

Kocha alivunjika moyo. Mimi nilishikwa na udadisi, maana nilikuwa nimeshaona wachezaji na sikuelewa kwa nini hawaji.

Niliwaona mtaa wa Ixelles, nyuma ya jengo ambalo Wakongo walilikodi kwa ibada. Kulikuwa na kiwanja cha lami chenye goli moja lisilo na wavu, na Jumamosi mchana, wakati wazazi wakifanya mazoezi ya kwaya, mabinti walicheza pale wakiwa wamevaa sketi juu ya suruali za michezo. Mmoja wao alikuwa mrefu kuliko wote, anatumia mkono wa kushoto, na alipiga mpira kwenye goli bila kuonekana kama analitazama. Alikuwa anamaliza sekondari na alitaka kusomea uuguzi. Nikaanza kuwauliza maswali. Walicheka mpaka wakashikana mabega, si kwa sababu ya maswali bali kwa Kiswahili changu.

"Tonton anasema kama radio," mmoja akasema, akiniita mjomba kwa Kifaransa. "Tonton, tusomee habari."

Nikawasomea habari. Nikatangaza kwamba katika mji wa Brussels chuo kimoja kina ukumbi, kina kocha, kina mipira, na hakina wasichana. Wakacheka tena, lakini yule wa mkono wa kushoto hakucheka. Aliniuliza chuo kiko wapi.

Jumamosi iliyofuata nilimleta kocha. Alisimama kando ya kiwanja mikono mfukoni, akatazama mpaka mchezo ukaisha. Akampa yule binti kipeperushi, akamweleza siku za mazoezi, akamuuliza kama atakuja. Binti alikipokea kwa mikono miwili, akainamisha macho, akasema ndiyo. Hakuja. Kocha akarudi tena, akamuuliza tena, binti akasema ndiyo tena, na hakuja. Kocha akaniambia kwa uchungu kwamba yule msichana ni mwongo.

Hakuwa mwongo. Kwao Bukavu, mashariki ya Kongo, mtu mzima akikuambia njoo, husemi hapana mbele ya uso wake. Unasema ndiyo kwa heshima, halafu unakwenda nyumbani kwa wenye kuamua. Nikamtafuta mwenyewe, nikamuuliza kilichotokea nyumbani, akasema mama yake amekataa. Nikauliza kama mama hapendi mpira. Akashangaa. Mama hakuwa na neno na mpira. Mazoezi yaliisha saa moja jioni, na kuanzia Oktoba saa hiyo ni giza. Kutoka ukumbini angepita peke yake kando ya Gare du Nord, kwenye mtaa ule wa wanawake wanaojiuza, wanaokaa nyuma ya vioo vya madirisha, katikati ya walevi na wanaume wanaopunguza mwendo wa magari yao.

Nikamwambia kocha tuache kuwaomba wasichana. Tuwaombe mama zao.

Kocha alidhani natania. Nilimpeleka nyumba kwa nyumba, tukakaa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, tukala pondu, kisamvu chao, na samaki, naye akajifunza kutoangalia saa yake. Mimi niliuliza na kutafsiri. Hakuna mama hata mmoja aliyeuliza sakafu ya ukumbi wetu ni ya namna gani. Waliuliza nani atamrudisha mtoto, atamrudisha saa ngapi, ndani ya gari kuna wanaume wangapi, na kama mechi zinachezwa Jumapili. Tulikuwa na majibu mazuri. Mechi ni Jumamosi. Ndani ya gari mwanaume ni mmoja, dereva, ndiye mimi. Vyuo vikubwa vilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kupanda ngazi za nyumba ya mtoto na kumkabidhi kwa mama yake. Sisi hilo tuliweza, kwa sababu tulikuwa wachache na kombi ilikuwa moja.

Nyumba ya binti wa mkono wa kushoto ilikuwa ya mwisho. Walikaa wawili tu, yeye na mama yake, ghorofa ya juu kabisa katika mtaa unaoteremka kutoka barabara ya Chaussée d'Ixelles. Mama alifanya usafi kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya kule Schuman alfajiri, kabla wenye ofisi hawajafika. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na siku hiyo alikuwa amewaita wanawake wawili wa kikundi chake cha maombi wakae naye. Nilidhani ni wageni wa kawaida. Baadaye nikaelewa kwamba walikuwa mashahidi.

Alimsikiliza kocha hadi mwisho. Kisha akanigeukia mimi, na kwa muda wote uliobaki hakumtazama tena kocha. Aliniuliza nimewahi kuendesha magari gani. Nikamwambia. Akauliza kama niliwahi kuendesha lori. Nikasema ndiyo, Lubumbashi.  Mmoja wa wale wanawake akamgusa goti, ndipo akaeleza, taratibu, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Vita ilipoingia Bukavu, walikimbia kwa miguu kuelekea magharibi. Alikuwa na watoto wawili. Wa kiume alikuwa na homa, hawezi kutembea. Lori likapita, limejaa watu, dereva akasema atamchukua huyo mgonjwa mpaka kituo kinachofuata, watamkuta hapo. Akampa. Walipofika kituo kinachofuata hawakulikuta lori wala mtoto, wala mtu aliyeliona.

Kocha aliniuliza kwa sauti ndogo mama anasema nini. Nilishindwa kutafsiri. Nilimwambia anaeleza habari za safari yao.

Halafu mama akamshika binti yake mkono, akauweka juu ya mkono wangu, mbele ya wale wawili.

"Minakupatia mutoto wangu," akasema. "Si ule coach. Ni weye. Na si ku barabara unamuacha, hapana. Unapanda naye, unabisha, mi nafungua, namuona na macho yangu. Donc, ni hapo tu kazi yako inaisha."

Nikaitikia. Mkono wa binti ulikuwa wa moto na wangu ulikuwa umepoa.

Kwao kitu hicho kina uzito wake. Mkubwa akikupa mtoto mbele ya watu, umekuwa mkubwa wake, na mtoto atakutii kama anavyotii nyumbani, na likitokea lolote huna mahali pa kulisukumia. Habari ilienea kanisani kwamba yule mama aliyempoteza mtoto kwa dereva, yeye kabla ya wote, amekubali kumkabidhi binti yake kwa dereva. Baada ya hapo hatukubisha mlango tena. Akina mama walinipigia simu wenyewe kwenye baa iliyokuwa chini ya chumba changu. Kufikia Septemba tulikuwa na timu, na kocha alitembea kwenye korido za chuo kama mtu aliyerefuka.

Mimi nilianza kuogopa.

Sikuwa nimezoea kuogopa kwa niaba ya mtu mwingine. Isitoshe, ilikuwa miaka ambayo picha za watoto waliopotea zilibandikwa kwenye vioo vya maduka na vituo vya tramu, na hata Wabelgiji wenyewe walikuwa wakiwashika watoto wao mikono kwa nguvu kuliko kawaida. Niliendesha nikitazama kioo cha ndani kuliko barabara. Kwenye taa nyekundu niligeuka kuwatazama. Wao walisinzia, wakasukana nywele, wakanicheka. Walisema tonton anaendesha kama amebeba mayai. Kila mlango ulipofunguka na mama akamtazama binti yake, nilipumua, nikateremka ngazi, nikaanza kuogopa upya kwa ajili ya anayefuata. Yule wa mkono wa kushoto nilimfanya wa mwisho kila siku, ili nibaki na hofu moja tu nzima.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumamosi ya Novemba. Tulicheza nyumbani, mchana, na tukashinda. Yule binti alicheza vizuri mpaka wapinzani wenyewe wakawa wanatabasamu. Kwenye benchi la watazamaji alikaa mzee mwenye koti la kahawia, nadhifu, ameweka mkoba magotini. Nilimtambua: ndiye aliyekuwa akiwapa wasichana mkono kwenye maonyesho ya vyuo, mtu wa chuo kikuu kikubwa. Nilifurahi kidogo kwamba safari hii anakaa kwenye benchi letu na anasogeza miguu kukwepa ndoo yetu. Mechi ilipoisha nilitoka nje kuwasha kombi ipate joto.

Walitoka mmoja mmoja, nywele mbichi, wakapanda. Nikasubiri. Mlango wa ukumbi ukafunguka na kufungwa, wakatoka waamuzi, wakatoka wapinzani. Nikawauliza wasichana mwenzao yuko wapi.

"Alisha kwenda, tonton," akasema mmoja. "Na ule monsieur ya koti. Na motokari yake."

Nilimwambia arudie. Akarudia, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, maana alikuwa ameuona uso wangu. Walitoka kwa mlango wa nyuma, ulio upande wa maegesho, akasema, na coach alikuwa pale.

Nilimkuta kocha anakusanya mipira. Alikuwa bado na furaha ya ushindi. Akakiri bila wasiwasi kwamba ndiyo, yule bwana alikuja kumsalimia, wakapeana mikono, wakacheka kidogo kuhusu paa, na baadaye akamwona akiondoka na binti kwa gari. Labda anamwonyesha chuo chao, akasema, ndivyo wanavyofanya, na haipendezi lakini si kosa. Nikamuuliza kwa nini hakuwazuia. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Ana miaka kumi na minane," akasema. "Ni mtu mzima. Siwezi kumkataza kupanda gari la mtu."

Nikamuuliza jina la yule bwana. Akanipa. Nikamuuliza gari ni la aina gani, rangi gani, chuo kiko upande gani, ana simu gani. Simu hakuwa nayo, na ofisi za kule Jumamosi zimefungwa. Akaniambia nitulie, yule ni mtu wa heshima, anamfahamu miaka mingi. Labda alikuwa sahihi. Lakini yeye hakukabidhiwa mtoto.

Nilisubiri mbele ya ukumbi hadi taa za barabarani zikawaka. Kocha akafunga mlango akaenda kwake. Wasichana walikuwa wamekaa nyuma yangu. Mama zao walikuwa wanangoja, na nilijua kadiri ninavyochelewa ndivyo nitakavyoongeza hofu kwenye nyumba nyingine. Nikaondoka.

Ile safari sijaisahau. Nilipanda ngazi za kila nyumba, nikabisha, mlango ukafunguka, mama akamtazama binti yake, na kila binti alikuwa na sura iliyosema kuna jambo. Nilijua nikigeuka tu simu itainuliwa. Habari ingefika Ixelles kabla yangu, kwa mdomo wa mtu mwingine, nami nilitaka ifike kwa mdomo wangu. Kwa hiyo niliendesha kwa kasi, na nilipokuwa naendesha kwa kasi niliogopa nisije nikagonga mtu. Kombi ilibaki na mimi peke yangu. Kioo cha ndani kilionyesha viti vitupu.

Nikiwa nasubiri taa za Porte de Namur, wazo lilinijia kwa utulivu kabisa, kama linatoka kwa rafiki. Funguo naweza kuziacha kwenye sanduku la barua la chuo. Mfuko wangu ni mmoja. Kutoka Gare du Nord treni za Cologne, Amsterdam na Paris zinaondoka jioni yote, na hakuna mtu duniani anayejua jina langu la ukoo vizuri kiasi cha kunifuata. Nilikuwa nimeondoka kwenye miji kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Taa ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi. Nikaingia Chaussée d'Ixelles katikati ya watu wenye mifuko ya maduka, nikateremka mtaa wa mama yule, nikaegesha.

Nyumba ilikuwa na ngazi nyembamba za mbao, na kila moja ililia nilipoikanyaga. Nilisikia mlango wa juu ukifunguliwa kabla sijafika. Alikuwa amezoea kusikia miguu ya watu wawili. Alipoisikia ya mmoja, alifungua.

Alitazama nyuma yangu. Akatazama tena, chini kabisa ya ngazi. Hakulia. Alisogea kando niingie, kisha akavuta kiti akakiweka karibu na mlango, akakaa, mikono yake ikiwa kati ya magoti.

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Mechi, mzee mwenye koti, mlango wa nyuma, kocha. Hakunikatiza. Sufuria ilikuwa jikoni, nikasikia mfuniko wake unagongagonga kwa mvuke, na yeye hakuinuka kuupunguza moto.

"Ule chauffeur ya camion," akasema mwishowe, akirudi kwa yule dereva wa lori, "mi sikumuuliza jina. Ata jina. Weye uliuliza?"

"Niliuliza, mama."

"Sema."

Nikamtajia jina la yule bwana. Akalirudia polepole, akilishika vipande vipande, mpaka akalisema bila kukosea. Akauliza motokari. Nikamwambia ni ya kijivu, ya milango minne, ya Kijerumani. Akauliza inaelekea wapi. Nikamwambia, nikamwonyesha na upande kwa mkono, kusini, kupitia barabara kuu ya msitu. Akaitikia kwa kichwa baada ya kila jibu. Nilitamani anitukane. Nilimwambia twende polisi, ingawa katika maisha yangu yote sikuwahi kuingia kituo cha polisi kwa hiari. Alifikiri akasema tungoje mpaka vingt heures, saa mbili usiku, baada ya hapo tutakwenda wote wawili, yeye mbele.

Tukangoja. Simu ililia mara moja. Alikuwa mmoja wa wanawake wa maombi. Akamwambia kwa ufupi wakae kwenye maombi, wasije, kisha akakata ili simu iwe wazi. Nilisimama dirishani. Kila gari la kijivu lilipopita mtaani nililifuata kwa macho mpaka likapotea. Nilimwazia dereva wa lile lori, ambaye sikumfahamu. Niliwaza kwamba labda hakuwa mtu mbaya. Labda injini ilikufa, labda alikutana na askari, labda na yeye alitamani kufika. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mtu anaweza kuwa mwema na bado asimfikishe mtoto.

Kisha tukasikia ngazi. Miguu ya watu wawili, mmoja mwepesi, mwingine anahema.

Mama alisimama lakini hakufungua. Alingoja mpaka mlango ukabishwa, kama tulivyopatana siku ile ya kwanza, ndipo akafungua, na binti alikuwa pale na mfuko wake wa michezo begani. Nyuma yake yule mzee alikuwa ameshika ukuta, uso mwekundu. Akaomba radhi kwa Kifaransa kizuri. Alitaka kumwacha binti mlango wa chini, akasema, lakini mademoiselle alikataa kushuka garini mpaka yeye akubali kupanda mpaka juu mama amwone. Walikuwa wamekwenda kuangalia chuo. Kurudi, binti akasisitiza wapitie kwanza ukumbini kwetu kwa sababu kombi inamngoja. Wakakuta giza. Wakasubiri hapo muda mrefu.

Kumbe wakati mimi nakimbizana na hofu yangu kwenye ngazi za watu, yeye alikuwa amesimama mbele ya mlango tuliofunga, ananingoja.

Mgeni ni mgeni. Mama alimkaribisha yule bwana kwenye kochi, akampa chai. Bwana akafungua mkoba. Akaeleza kwa heshima na bila haraka: ukumbi mpya, bafu za maji ya moto, daktari wa wachezaji, chumba cha kulala kwenye bweni la wasichana. Alikuwa mzuri katika kazi yake. Kama ningekuwa msichana ningemfuata. Mama alimwacha amalize, kisha akamuuliza swali moja kwa Kifaransa chake cha taratibu. Mtoto akimaliza mazoezi, ni nani atamleta nyumbani?

Bwana akatabasamu. Hakutakuwa na haja, akasema, ataishi hukohuko, na wikendi kuna treni kila nusu saa.

"Merci, monsieur," mama akasema.

Bwana aliondoka amefurahi. Nadhani aliamini mambo yamekwenda vizuri.

Tulipobaki watatu mama akamshika binti kidevu, akamgeuza huku na huku chini ya taa, akamwachia. Akamuuliza kwa nini alipanda motokari ya mtu asiyemjua. Binti akatazama sakafu.

"Coach alimupatia mukono, maman. Bakacheka bote mbili. Mi nikasema basi, amenipatia kwake. Nitakataa aje?"

Hapo nikaelewa, na nikaona jinsi kocha asivyoweza kuelewa hata nikimweleza mwaka mzima. Yeye alikuwa amemsalimia mshindani kwa adabu. Binti aliona wakubwa wawili wakipeana mikono juu ya kichwa chake, na kwao hivyo ndivyo mtoto anavyotolewa mkono mmoja kwenda mwingine. Alitii. Alikuwa ametii jioni nzima, kila mtu kwa zamu yake.

"Lakini ile salle iko muzuri," akaongeza, kwa sauti ya chini, akinitazama mimi badala ya mama yake. "Tonton, usikasirike. Iko muzuri mingi."

Nikamwambia sikasiriki. Ilikuwa kweli, kwa sababu nafasi yote ndani yangu ilikuwa imejaa kitu kingine. Mama akasema habari ya salle, huo ukumbi mpya, itaongelewa mwaka wa masomo ukiisha, si leo, akamtuma jikoni kuzima moto. Chakula kilikuwa kimeungua. Harufu ilijaa nyumba nzima.

Nikaona ndio wakati. Nilikuwa nimeshayatayarisha maneno pale dirishani. Nilimwomba mama anitoe kwenye ahadi ile, amkabidhi binti kwa mtu mwingine, mtu wa kanisani, mwenye familia, aliyekaa mji huu miaka mingi. Nilimwambia mimi ni mtu wa kupita tu, na leo nimeona kwamba siwezi.

"Juu ya nini huwezi?"

"Naogopa, mama. Kila siku naogopa. Leo nimeogopa mpaka nimetaka kukimbia."

Mama alinigeukia. Alikuwa amechoka, macho yamekuwa mekundu bila kulia, na kitambaa cha kichwa kilikuwa kimelegea.

"Bon," akasema. "Ule mwengine, ule wa camion, hakuogopa. Alicheka, akaniambia, maman, usiogope."

Jikoni maji yalifunguliwa juu ya sufuria ya moto, yakafoka mvuke. Nikatoa funguo za kombi mfukoni. Mama akakirudisha kile kiti cha karibu na mlango mahali pake mezani, akanifungulia mlango, na akasimama ameushika. Jumanne ilikuwa siku yetu ya mazoezi.

"Mardi, utamuleta saa ngapi?"

Nilitazama zile ngazi, zilivyoteremka gizani, na hofu ya Jumanne ikaanza palepale.

"Vingt heures trente, mama," nikasema. "Saa mbili na nusu."